UZI: Lori la saa nane usiku, na mahali kura hupotelea

Kila uchaguzi ukikaribia lazima mtu aposti video ya lori. Ni usiku, picha inatetemeka, sauti ya nyuma inasema "wasee, oneni, masanduku yanaingizwa godauni." Ndani ya saa moja imezunguka kila kona. Upande huu unasema ni wale, upande ule unasema ni hawa.

Mimi nimekulia Mukuru, tunatenganishwa na viwanda vya Industrial Area na ukuta tu. Huku Indaa malori hushusha mizigo saa nane usiku mwaka mzima, kuna uchaguzi au hakuna. Kwa hivyo lori pekee halinishtui. Lakini pia sitajiunga na wale wanaowacheka wenye hizo video, kwa sababu hofu yao haikutoka hewani. Ina historia, na hiyo historia ndiyo uzi wa leo. Sheria ya hapa mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Kabla ya tarehe zozote, kitu kimoja ambacho anko yangu alinifunza kabla sijakutana na mhadhiri yeyote. Anko ni mtunza stoo kwa godauni moja huku. Kontena likifika kutoka Mombasa, hatazami kufuli kwanza. Anatazama sili, ile pini yenye nambari, anailinganisha na nambari iliyoandikwa kwa karatasi ya mzigo. Zikilingana anafungua dereva akiwa hapo, wanahesabu pamoja, wote wawili wanatia sahihi, na kila mmoja anabaki na nakala yake. Nilimuuliza si mwizi anaweza tu kuikata hiyo pini? Akasema ndiyo, sekunde mbili. Pini haipo kumzuia mwizi. Ipo ili mtu akifungua, ijulikane ilifunguliwa na ilikuwa mikononi mwa nani. Na ile nakala ya dereva ipo kwa sababu mtunza stoo pia ni binadamu.

Shikilia hiyo nakala ya dereva. Karibu kila balaa ya uchaguzi Kenya nitakayoitaja ilitokea mahali ambapo hiyo nakala haikuwepo, au ilikuwepo na ikapuuzwa.

Twende 1988. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na mchujo wa wagombea ulifanywa kwa mlolongo. Hakuna karatasi. Unasimama kwa foleni nyuma ya ajenti aliyeshika picha ya mtu wako, msimamizi anahesabu vichwa. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, kwa hivyo kwake kura ya siri haikuwepo tena.

Fikiria hilo jambo. Ukiacha suala la siri, hakuna uchaguzi ulio wazi kuliko huo. Kijiji kizima kinaona foleni kwa macho yake. Hakuna sanduku la kuiba, hakuna lori, hakuna kitu cha kuchomeka. Na bado ni mojawapo ya chaguzi zenye sifa mbaya kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, kwa sababu msimamizi alikuwa anaenda kutangaza nambari yake mwenyewe, na kuna mahali mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi. Watu wakishatawanyika, foleni huihesabu tena wapi? Utaipeleka kortini kama ushahidi vipi? Kila mtu aliona, na hakuna aliyebaki na nakala.

Kwa hivyo somo la kwanza tulilipata bila sanduku hata moja. Kinachoibwa ni hesabu. Sanduku ni njia moja tu ya kuifikia.

Karatasi zilirudi na vyama vingi, 29 Desemba 1992, kisha tena 29 Desemba 1997. Ile ya 1997 mvua za El Niño zilikata barabara na vifaa vikachelewa au vikapelekwa mahali sipo, mpaka upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Lakini shida kubwa ya miaka hiyo ilikuwa hii: kura hazikuhesabiwa pale zilipopigwa. Sanduku lilifungwa kituoni, likapakiwa kwa gari, likasafirishwa hadi kituo cha kuhesabia cha eneo bunge. Wewe ajenti una nauli? Utaruhusiwa kupanda hilo gari? Na kama ni usiku, kilomita 60 za murram? Hapo katikati, kati ya kituo na ukumbi, ndipo hofu ya lori ilipozaliwa. Wazazi wetu hawakuwa wajinga. Sanduku lililotoka kituoni likiwa halijahesabiwa linaweza kufika likiwa na chochote, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema lilitoka na nini.

2002 ndiyo mwaka ambao mambo yaligeuka, na nadhani hatuupi heshima yake. Sizungumzii nani alishinda. Masanduku ya kuonyesha ndani yaliingia kazini, na muhimu zaidi, kura zikaanza kuhesabiwa kituoni. Sanduku halisafiri tena na siri. Linafunguliwa palepale mbele ya maajenti, nambari inaandikwa, maajenti wanatia sahihi. Katiba ya 2010 ikalifunga hilo kwa Kifungu cha 86: mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, wa kuthibitishika, salama, wenye uwajibikaji na uwazi, hesabu ifanyike na itangazwe kituoni, na kuwe na mpango wa kuzuia maovu ikiwemo kuhifadhi vifaa vya uchaguzi. Yaani uhifadhi wa vifaa uko ndani ya Katiba yenyewe. Watu wengi hawajui.

Sasa, ukiwa mwizi na sanduku limekwisha kuhesabiwa mbele ya watu, unafanya nini? Unaachana na sanduku. Unafuata karatasi ya matokeo.

Hiyo ndiyo 2007. Kura zilipigwa 27 Desemba, zikahesabiwa vituoni, na kwa sehemu nyingi watu walilala wakijua matokeo ya kwao. Halafu nambari zikaanza safari ya kwenda KICC. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walitaja Molo kama mfano: kilichotangazwa kule hakikuwa kilichotangazwa Nairobi. Mimi nilikuwa na miaka minne. Waliokufa katika vurugu zilizofuata ni 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na mamia ya maelfu walihama makwao.

Tume ya Kriegler, iliyoongozwa na jaji mstaafu kutoka Afrika Kusini, ilitoa ripoti Septemba 2008 na kusema mambo mawili ambayo kila upande husoma nusu. La kwanza, hesabu ilikuwa imeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kura ya urais. La pili, ujazaji wa kura ulikuwepo kwenye ngome za pande zote mbili. Hilo la pili huwa halipostiwi sana, sijui kwa nini (najua kwa nini).

Na hapo ndipo sanduku la kuonyesha ndani linafika mwisho wa uwezo wake. Linaonyesha ndani kwa nani? Kama chumba kizima ni watu wa upande mmoja, ajenti wa upande wa pili alitishwa au hakuwahi kufika, na msimamizi anaogopa kurudi nyumbani, sanduku linaweza kuwa la kioo na bado likajazwa mchana kweupe. Kufuli ya kweli ya kituo ni mtu asiyekubaliana na wewe, ameketi hapo ndani, anaandika. Ndiyo maana kanuni zetu zinataka sanduku lionyeshwe tupu kabla ya kufungwa, nambari za sili ziandikwe kwenye kitabu cha kituo, na ajenti aruhusiwe kuongeza sili yake mwenyewe. Ni mfumo wa anko kabisa. Lakini ajenti anahitaji chai, chakula, na uhakika wa kulipwa, na vyama vyote, vyote, hukumbuka maajenti wiki ya mwisho. Halafu baadaye tunaitana "fungua sava".

Tukijaribu kukimbia binadamu, tukakimbilia mashine. Kura ya maoni ya 2010 matokeo yalitumwa kwa simu na yakafika vizuri, tukaona tumepata dawa. 4 Machi 2013 dawa ikakataa. Vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika sehemu nyingi, betri zikiisha kwenye madarasa yasiyo na stima. Mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka katikati. Kabla haujaanguka ulikuwa unaonyesha kura zilizoharibika zikiwa zimezidishwa mara nane, hitilafu ya programu, na nchi nzima ikaketi kwenye televisheni ikipigia hesabu takataka. Mwishowe maafisa wakabeba fomu kwa mikono hadi Bomas. Mahakama ya Juu ikayaacha matokeo yasimame.

Kitu kilichobadilisha sheria kikweli kilikuja miaka minne baadaye, na hakikuwa mashine. Kilikuwa kesi, ile ya Maina Kiai na wenzake. Swali lilikuwa dogo tu: matokeo ya urais yakishatangazwa eneo bunge, Nairobi inaweza kuyabadilisha? Mahakama ya Rufani ikajibu 23 Juni 2017: hapana. Ya kule ni ya mwisho. Nairobi kazi yake ni kujumlisha. Ukiniuliza mimi, huo uamuzi umelinda kura nyingi kuliko polisi wote wa siku ya uchaguzi ukiwaweka pamoja.

Mwezi mmoja baadaye Chris Msando aliuawa. Alikuwa meneja wa teknolojia wa tume, alikuwa ameonekana kwenye televisheni akieleza mfumo utakavyofanya kazi, na mwili wake ulipatikana siku chache kabla ya kura ya 8 Agosti. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Tunapozungumza kulinda vifaa, huwa tunasahau kwamba vifaa vina watu wanaoshika funguo, na mtu hawekwi sili. Huku kwetu Eastlands tulirudiwa na hilo 2022: Daniel Musyoka, msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki, alitoweka akiwa kazini kwenye kituo cha kujumlishia kura, akapatikana ameuawa Kajiado. Embakasi Mashariki ni jirani. Watu walifunga biashara mapema siku hizo bila kuambiwa na yeyote.

Rudi 2017. Tume ilitangaza siku chache kabla kwamba vituo zaidi ya 11,000 havina mtandao wa kutosha kutuma picha za fomu. Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa 11 Agosti wakati fomu za vituo zote hazijafika. 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili, mara ya kwanza Afrika. Soma sababu zake vizuri. Mahakama haikusema ilikuta masanduku yamejazwa. Ilisema njia ambayo matokeo yalipitia haikufuata Katiba na sheria, kwamba baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama wala sahihi zilizotakiwa, na kwamba tume ilipoamriwa ifungue sava zake ikaguliwe, haikutii ipasavyo. Kwa lugha ya godauni: mzigo huenda ni kamili, lakini karatasi zako hazilingani na umekataa tuangalie stoo. Huo mzigo haupokelewi.

Kosa kama hilo halikuwa letu peke yetu. Februari 2020 mahakama ya Malawi ilifuta uchaguzi wa 2019 kwa sababu, pamoja na mengine, fomu za matokeo zilikuwa zimefutwa kwa Tipp-Ex na kuandikwa juu. Rangi nyeupe ya kufutia, ile ya darasani. Unaweza kulinda sanduku kwa bunduki kisha chupa ndogo ya Tipp-Ex ikamaliza kila kitu.

2022 tume ikafanya kitu rahisi ambacho kingefanywa zamani. Picha za Fomu 34A, za vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti, mtu yeyote apakue. Asubuhi ya 10 Agosti nilienda shule ya msingi tuliyopigia kura. Fomu zilikuwa zimebandikwa milangoni, moja kwa kila kituo, kituo kisichozidi wapiga kura 700 kwa mujibu wa sheria. Nikapiga picha za milango minne, nikarudi nyumbani nikazilinganisha na za tovuti. Zote nne zilikuwa sawa, hadi vile mwandiko ulivyolala. Milango minne kati ya elfu arobaini na kitu si uthibitisho wa chochote kuhusu nchi. Lakini ni milango minne ambayo hakuna mtu angeweza kunidanganya kuihusu, na sikuhitaji kumjua mtu wala kuwa na shahada.

Kwa hivyo kesi ilipofika Mahakama ya Juu na madai kwamba fomu za tovuti zimebadilishwa, palikuwa na kitu cha kulinganisha: fomu halisi, nakala za maajenti, picha za tovuti. Mahakama pia iliamuru masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa upya, vikiwemo vya Mombasa, Kericho, Nandi na Nyandarua. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakakataa ombi la kufuta. Unaweza kuchukia uamuzi, ni haki yako, na wapo wasomi wanaoukosoa. Ila angalia tofauti na 2007: safari hii mabishano yalikuwa na karatasi mezani.

Mwaka huohuo makosa ya kawaida ya godauni yalitufikia. Kura za ugavana Kakamega na Mombasa, na za ubunge sehemu nne, ziliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi zilifika na picha au maelezo yasiyo yao. Watu waliita wizi mara moja. Mimi naona mtu aliyepokea mzigo bila kufungua katoni na kulinganisha, na watu wa kaunti mbili wakalipia.

Hapo huja lile swali la kila mara: kwa nini karatasi zetu zichapishwe Dubai (2017) au Ugiriki (2022) na Indaa imejaa mitambo ya uchapishaji? Vijana wa vibarua huku wangeipenda hiyo kazi, sitadanganya. Lakini wanaodhani ng'ambo ni kusafi wakumbuke Smith & Ouzman, kampuni ya Uingereza iliyopatikana na hatia kule London Desemba 2014 kwa kuhonga maafisa wa Kenya ili ipate kandarasi za uchapishaji wa uchaguzi. Hongo waliita "kuku". Na wanaodhani nyumbani ndiko kusafi waulize hao kuku walikula nani. Mahali mtambo ulipo si hoja yangu kubwa. Nataka kujua ni karatasi ngapi zilichapishwa, ngapi zikatoka, ngapi zikafika, na kama ajenti wa kila upande alikuwepo kwenye kila hesabu akiwa na kalamu.

Stoo zenyewe pia zina hadithi zake. Kinshasa, 13 Desemba 2018, siku kumi kabla ya tarehe ya kura, ghala la tume ya uchaguzi liliungua na mashine za kupigia kura takriban 8,000 za jiji hilo. Uchaguzi ukasukumwa hadi 30 Desemba. Moto mmoja, kwa sababu vifaa vingi viliwekwa chini ya paa moja. Sisi tunaoishi kando ya viwanda tunajua moto wa godauni ni jambo la kila mwaka. Hilo ndilo ningeliuliza kuhusu maghala kabla ya kuuliza malori: vizima moto viko wapi, vifaa vimegawanywa vipi, nani alilala hapo jana?

Na wale wanaosema tuondoe karatasi kabisa tupige kura kwa simu, nawapa Ujerumani. 2009 mahakama yao ya katiba ilikataa mashine za kura walizokuwa wanatumia, si kwa sababu mtu alizidukua, bali kwa sababu mwananchi wa kawaida asiye mtaalamu lazima aweze kukagua hesabu mwenyewe. Mama mboga wa Kwa Reuben anaweza kusoma fomu ya mlangoni. Sava hawezi, na mimi pia siwezi.

Tarehe ya kura ijayo ni 10 Agosti 2027. Kanuni zinataka nyaraka za uchaguzi zihifadhiwe miaka mitatu kisha ziharibiwe, isipokuwa mahakama iseme vingine, kwa hivyo zile za 2022 zilitimiza muda wake Agosti 2025. Kama una picha za milango ya mtaa wako za mwaka huo, usizifute kwa simu kutafuta nafasi. Ziweke mahali, andika jina la shule na nambari ya kituo.

Daftari la wapiga kura nimeliruka makusudi, na wale marehemu milioni 1.2 ambao Kriegler alikadiria walikuwa ndani yake. Hilo ni uzi wa wiki ijayo.